Sura ya Tano: Kila Mwaka Tunapanda Miti, Mbona Msitu Hauonekani?

Ukitaka kumtoa jasho afisa misitu mbele ya watu, muulize swali moja tu: hiyo miche mamilioni mnayoitangaza kila mwaka iko wapi? Huuliza abiria anayepita Dodoma au Singida mwezi wa Septemba na kuona vilima vyenye upara ule ule wa mwaka juzi. Huuliza mwalimu aliyewapeleka wanafunzi kupanda miti nyuma ya zahanati, na leo hapo pana mbuzi na vijiti vikavu. Huuliza pia mlipakodi, ila kwa sauti ya chini, maana ni nani anayetaka kuonekana anapinga miti?

Jibu la mkato ni kwamba kupanda mche ni shughuli moja na kuotesha msitu ni shughuli nyingine, na karibu fedha zote, hotuba zote na picha zote huishia kwenye ile ya kwanza. Ile ya pili haina sherehe. Huchukua miaka, huhusu mbuzi, moto na mapanga, na zaidi ya yote huhusu ardhi ni ya nani. Mara nyingine haihitaji mche hata mmoja.

Mche siku ya sherehe

Mche mzuri hutoka kitaluni ukiwa na afya. Umelelewa ndani ya kiriba, kile kimfuko cheusi cha plastiki, kwenye udongo uliochanganywa na samadi na mchanga. Wiki za mwisho mtunza kitalu huupunguzia maji na kivuli kwa makusudi ili uzoee shida. Baada ya hapo una nafasi nzuri ya kuishi. Kisha unapelekwa kwenye sherehe.

Sherehe nyingi huenda hivi. Miche hupakiwa kwenye lori alfajiri. Mgeni rasmi anatarajiwa saa tatu, anafika saa sita. Ngoma na ngonjera zinaendelea, miche imepangwa juani, udongo wa viriba unakauka na kumeguka kwenye mizizi. Mashimo yamechimbwa asubuhi ile ile, mafupi, kwa sababu ardhi ni ngumu na majembe ni machache. Wanaopanda wamevaa viatu vya ofisini. Baadhi yao hawachani kiriba, wanaukita mche na plastiki yake, na mizizi itaendelea kujizungusha humo hadi ijinyonge. Maji kidogo, makofi, picha, soda, kila mtu na basi lake.

Tarehe nayo ina lake. Tanzania huadhimisha Siku ya Taifa ya Kupanda Miti tarehe 1 Aprili. Kwa Pwani na Morogoro hakuna neno, masika ndiyo kwanza yanashika. Lakini Dodoma mvua huanza Desemba na Aprili zinafunga virago. Mche uliopandwa huko siku hiyo unapata wiki chache za unyevu, kisha miezi saba ya kiangazi. Mkulima wa Kongwa hawezi kupanda mtama Aprili akategemea kuvuna. Sijui kwa nini tunadhani mti una uvumilivu kuliko mtama.

Waulize watunza vitalu miche hufa kwa nini, watakutajia haya:

- mifugo, hasa mbuzi, ambao hupenda zaidi majani machanga ya Agosti wakati kila kitu kingine kimekauka;
- moto wa kuandaa mashamba unaovuka mpaka;
- mchwa, wanaoula mkaratusi mchanga kuanzia mizizini;
- magugu, kwa sababu hakuna aliyepangiwa palizi;
- kiu.

Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachotokea siku ya picha.

Tusidhani ni ugonjwa wetu peke yetu. Tarehe 11 Novemba 2019 Uturuki ilipanda miche milioni 11 kwa siku moja. Miezi michache baadaye chama cha wafanyakazi wa misitu nchini humo kilikagua baadhi ya maeneo na kusema hadi asilimia 90 ya miche waliyoiona ilikuwa imekufa. Serikali ilikanusha. Ethiopia ilitangaza kuwa tarehe 29 Julai 2019 wananchi wake walipanda zaidi ya miche milioni 350 kwa siku moja. Kenya iliifanya tarehe 13 Novemba 2023 kuwa sikukuu ya taifa ili watu wapande miche milioni 100, sehemu ya lengo la miti bilioni 15 ifikapo mwaka 2032. Hizi ni juhudi za kweli, na zimewatoa watu majumbani. Lakini angalia kinachohesabiwa. Ni miche iliyoingia ardhini. Miti iliyo hai baada ya miaka mitatu hutaiona kwenye bango lolote.

Sasa tupige hesabu ndogo. Ukipanda kwa nafasi ya mita tatu kwa tatu, hekta moja inachukua miche 1,111. Kwa hiyo miche milioni moja, yote ikipona, inafunika hekta 900 tu. Takwimu zilizotolewa na serikali ya Tanzania katika miaka ya 2010 zilionyesha kuwa nchi ilikuwa ikipoteza hekta zipatazo 469,000 za misitu kila mwaka. Kuziba pengo hilo kwa jembe na kiriba kungehitaji miche zaidi ya milioni 520 kila mwaka, bila mmoja kufa. Mbio hizo hazishindiki kwa kupanda peke yake. Kama hatuzuii upotevu upande mmoja, tunajaza maji kwenye pipa lililotoboka.

Shamba la miti na msitu

Kabla hatujaenda mbali, tutenganishe vitu viwili ambavyo hotuba huvichanganya.

Shamba la miti ni zao. Pale Sao Hill, Mufindi, kuna shamba kubwa kuliko yote ya serikali ya Tanzania, limejaa misonobari na mikaratusi kwa mistari iliyonyooka. Inapandwa, inapogolewa, inavunwa, inapandwa tena. Nguzo za umeme, mbao za kupaulia na karatasi hutoka huko, na kila ubao unaotoka Sao Hill ni ubao ambao haukukatwa kwenye mninga wa porini. Sina ugomvi na shamba la miti.

Msitu ni jamii. Una miti ya rika na aina nyingi, vichaka, nyasi, uyoga, nyuki, ndege wanaobeba mbegu, na udongo uliojaa majani yaliyooza ambao hunywa mvua na kuitoa taratibu kiangazi. Ukifyeka msitu wa miombo na kupanda mikaratusi mahali pake, idadi ya miti inaweza hata kuongezeka na bado umepoteza msitu. Mkaratusi ukiwekwa kwenye chemchemi hunywa maji bila simile, na mwaka 2009 waziri wa mazingira wa Kenya wakati huo, John Michuki, aliagiza ing'olewe kandokando ya mito na vyanzo vya maji.

Kwa kifupi: idadi ya miche haikuambii kama miti iko hai, na idadi ya miti haikuambii kama kuna msitu.

Shinyanga: nchi iliyoitwa jangwa

Mfano mkubwa kuliko yote wa kuotesha msitu tulionao Afrika Mashariki uko Usukumani, na ajabu ni kwamba vijana wengi wa Tanzania hawajawahi kuusikia.

Shinyanga haikuwa nchi ya vumbi tangu zamani. Ilikuwa na mapori ya migunga na miombo. Kati ya miaka ya 1920 na 1940 serikali ya kikoloni ilifyeka mapori makubwa kupambana na mbung'o, inzi anayesambaza nagana kwa ng'ombe na malale kwa watu. Hoja ilikuwa kwamba mbung'o huhitaji kivuli. Ondoa kivuli, utamwondoa mbung'o. Baadaye pamba ikadai ardhi zaidi. Ng'ombe wakaongezeka, watu wakaongezeka, kuni zikatakiwa zaidi. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 wanawake walikuwa wakitembea nusu siku kutafuta kuni, na waliochoka waliwasha samadi kavu na mabua, yaani walichoma mbolea ya shamba lao wenyewe ili wapate ugali. Mwalimu Nyerere alipoiona hali hiyo, Shinyanga ikapata jina la jangwa la Tanzania.

Mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kama HASHI, baadaye kwa msaada wa Norway. Ulianza kama miradi mingi inavyoanza: vitalu, miche, aina za kigeni zinazokua haraka. Kumwagilia nchi kubwa namna ile hakuwezekani, na mchwa walikula walichokula. Ndipo maafisa wakafanya jambo ambalo lilipaswa kuwa la kwanza. Wakaketi na wazee wakawauliza zamani walikuwa wanafanyaje.

Wazee wakawaambia habari za ngitili. Ngitili ni eneo la malisho ambalo mfugaji hulifunga mvua zinapoanza, kati ya Novemba na Desemba, na haingizi ng'ombe humo mpaka kiangazi kikali cha Julai au Agosti. Nyasi hurefuka, hukauka zikiwa zimesimama, na kuwa akiba ya ndama, ng'ombe wagonjwa, wazee na maksai wa kulimia, wale wasioweza kufuata kundi mbali. Ni benki ya nyasi. Kwa kuwa eneo hupumzika miezi mingi, mbegu za miti huota na visiki huchipua. Kuna ngitili za familia, na kuna za kijiji kizima.

Mbona basi zilipotea? Sehemu ya jibu ni Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970. Watu walihamishiwa vijijini, nyumba zikaenda huku na ngitili zikabaki kule. Ardhi iliyokuwa ya ukoo fulani, yenye mipaka iliyojulikana hata na mtoto mchunga ndama, ikawa ya wote. Na wote walipofika kuitumia, hakukuwa na wa kusema basi.

HASHI ilichofanya, kwa hiyo, ni kurudisha mamlaka zaidi ya kurudisha miti. Maafisa walisaidia kupima mipaka na kuiandika kwenye sheria ndogo za vijiji, kisha wakaacha ulinzi kwa wenyewe. Anayekamatwa akichunga kwenye ngitili iliyofungwa anapelekwa mbele ya sungusungu, na kesi kubwa huishia kwenye dagashida, baraza la jadi la Wasukuma, ambako faini hulipwa kwa ng'ombe au fedha na aibu hulipwa bure. Ni mahakama isiyohitaji wakili, na kila mtu anaijua njia ya kufika.

Mwaka 1986 ngitili zilizokuwa zimeorodheshwa zilifika hekta 600 hivi. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000 makadirio yalikuwa kati ya hekta 300,000 na 500,000, katika vijiji zaidi ya 800 vya mkoa huo, ambao wakati ule ulijumuisha pia Maswa, Meatu na Bariadi za Simiyu ya leo. Sehemu kubwa ya miti hiyo haikupandwa na mtu yeyote. Iliachwa tu ikaota.

Faida zilionekana jikoni kabla ya kuonekana kwenye ramani. Kuni zikawa karibu. Nyasi za kuezekea, miti ya kujengea, asali, mboga za porini na dawa za mizizi vikarudi. Vijiji viliuza sehemu ya mazao ya ngitili na kujenga madarasa. Wanyama na ndege nao walirudi, na hapa lazima niseme bila kuficha kwamba miongoni mwa waliorudi ni fisi. Mfugaji aliyeamka akakuta ndama wake ameraruliwa hakuona uhifadhi kuwa jambo la kushangilia.

Kasoro nyingine ni nzito kuliko fisi. Mwenye ng'ombe wengi na ardhi kubwa ndiye mwenye ngitili kubwa. Maskini anakodi nyasi kwake au anakosa. Na idadi ya watu inavyopanda, ngitili za familia zinagawanywa kwa watoto vipande vipande hadi kipande kinakuwa kidogo mno kufungwa. Hata hivyo, nitajieni mradi mwingine wa misitu nchini uliofunika eneo kama hilo ndani ya miaka chini ya 20.

Kisiki ambacho hakijafa

Niger, kusini mwa Sahara, mambo yalianza kwa gurudumu la gari. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Tony Rinaudo, mtaalamu wa kilimo kutoka Australia, alikuwa akisambaza miche eneo la Maradi, na mingi ilikuwa inakufa. Mwaka 1983 alisimamisha gari mchangani kupunguza upepo wa matairi. Pembeni akaona kichaka ambacho kila mtu alikihesabu kuwa gugu. Alipoinama kuangalia majani akagundua ni mti uliokatwa, na kile kichaka ni machipukizi ya kisiki chake. Nchi nzima ilikuwa imejaa visiki vya namna hiyo. Chini ya ardhi msitu ulikuwa bado upo, na mizizi yake ilikuwa imeshafika kwenye unyevu ambao mche wa kitalu ungetafuta kwa miaka.

Kwa njia hiyo wakulima wa Niger waliotesha miti upya kwenye mashamba yao katika hekta zipatazo milioni 5. Gharama yake ni kisu na subira.

Dodoma njia hii inaitwa Kisiki Hai, na tangu mwaka 2018 Taasisi ya LEAD na shirika la Justdiggit la Uholanzi wameieneza kwa wakulima wengi wa mkoa huo na jirani. Anayetaka kujaribu shambani kwake afanye hivi. Achague kisiki chenye machipukizi yenye afya. Abakize machipukizi matatu hadi matano yaliyonyooka na yenye nguvu, mengine ayakate kwa kisu kikali karibu kabisa na kisiki. Apogolee matawi ya chini ya yale yaliyobaki, ila asifike kileleni. Afunge kitambaa chenye rangi kwenye shina, ili mchungaji na jirani wajue kwamba huo mti una mwenyewe. Kisha aulinde, na arudi kupogolea kila machipukizi mapya yanapotokea. Matawi aliyoyakata ndiyo kuni za wiki hiyo.

Kitambaa kile ndicho kinachonipendeza zaidi. Hakina kazi yoyote ya kibaiolojia. Kazi yake ni kusema na watu.

Mti ni wa nani?

Kwa nini wakulima wa Niger hawakuacha visiki vichipue miaka yote kabla? Walijua vinachipua. Lakini kwa sheria iliyorithiwa kwa Wafaransa, mti ulikuwa mali ya dola hata ukiwa katikati ya shamba lako. Ukiukata bila kibali, faini. Ukiulea, siku utakapoutaka utaomba ruhusa kwa mtu ambaye hakuwahi kuumwagilia. Mkulima mwenye akili timamu aliung'oa ungali mdogo, kabla haujawa kesi. Maafisa walipolegeza kamba, na baadaye sheria yenyewe ilipobadilishwa, miti ikaachwa ikue.

Babati walijifunza somo hilo kwa njia yao. Msitu wa miombo wa Duru-Haitemba ulikuwa ukitumiwa na vijiji jirani. Serikali ilipotaka kuutangaza kuwa hifadhi yake, wanavijiji waliona kwamba unachukuliwa, na ukataji ukaongezeka badala ya kupungua: kata sasa, kesho si wako. Katikati ya miaka ya 1990 mpango ukageuzwa na vijiji vikakabidhiwa msitu kila kimoja na sehemu yake. Wakaweka walinzi wao, wakafunga njia za wachoma mkaa, na msitu ukaanza kujifunga wenyewe. Uzoefu huo ulisaidia kuandikwa kwa Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, inayoruhusu kijiji kutenga msitu wake kwenye ardhi ya kijiji, kuusimamia, na kubaki na mapato yake.

Mapato si neno la kupita tu. Kilwa kuna mpingo, mti mgumu ambao Ulaya hutengenezewa zumari na klarineti, na kwetu vinyago vya Kimakonde. Kwa miaka mingi magogo yalitoka kijijini na mwenye kijiji akabaki na vumbi la lori. Mwaka 2009 vijiji vya kwanza vya wilaya hiyo vilipata ithibati ya kimataifa inayothibitisha kwamba mbao zao zinavunwa bila kuumaliza msitu. Wanavijiji huhesabu miti, hupanga mingapi ikatwe, huuza wao wenyewe. Msitu unaojenga nyumba ya mkunga hauhitaji kampeni ya kuwashawishi watu waulinde.

Mjini kanuni ni ile ile, ila mapambano ni makali zaidi. Wangari Maathai alianzisha Vuguvugu la Mkanda wa Kijani nchini Kenya mwaka 1977, na dunia inamkumbuka kwa miti zaidi ya milioni 50. Kuna mambo mawili ambayo wanaomsifu huyaruka. La kwanza, kina mama wa vitalu vyake walilipwa kifuta jasho kidogo kwa miche iliyopona. Aliyeweka utaratibu huo aliielewa hesabu ya misitu kuliko wizara nyingi. La pili, kazi yake kubwa kuliko zote pengine haikuwa kupanda. Mwishoni mwa miaka ya 1990 vipande vya Msitu wa Karura, pembeni mwa Nairobi, vilikuwa vimegawiwa kinyemela kwa wajenzi binafsi. Januari 1999 Wangari na wenzake walikwenda kupanda miche pale na wakapigwa na kundi la walinzi; yeye alipasuka kichwa. Leo Karura upo, hekta zipatazo 1,000, na wakazi wa Nairobi wanakimbia humo asubuhi. Miche ya siku ile ilikuwa michache mno. Kilichookolewa ni hati ya ardhi.

Kwa kifupi: mtu hulinda mti anaoamini kwamba atauvuna yeye, au mwanawe.

Pwani: kupanda mahali pasipo pake

Mikoko ina kishawishi chake. Mbegu za mkoko huota zikiwa bado zinaning'inia mtini, ndefu kama kalamu. Unaziokota, unazichomeka topeni, umemaliza. Watu hamsini wanaweza kupanda maelfu kabla maji hayajajaa, na ndiyo maana kampuni zinazotafuta picha nzuri huupenda ufukwe wenye tope wazi.

Ufilipino walifanya hivyo kwa miaka mingi na kwa fedha nyingi. Watafiti walipofuatilia, waliona kwamba iliyobaki kwa muda mrefu ni kati ya asilimia 10 na 20. Sababu kubwa ni mahali. Mabaharia wa kwetu wanajua kwamba kila aina ina safu yake: mlilana hutangulia mbele ukipigwa na mawimbi, mkoko hufuata, mkandaa na mchu husimama maji yanapofika kwa nadra, ingawa mchu hauna adabu na huonekana hata mbele. Ukichomeka mkoko kwenye tambarare ya tope inayofunikwa na maji saa nyingi mno, unazama. Na mara nyingi tope lile liko wazi kwa sababu halikuwahi kuwa na mikoko, ni mahali pa kaa, pa nyasi za baharini na pa ndege wahamiaji.

Ghuba ya Gazi, Kwale, walikwenda taratibu. Mikoko yake ilikatwa sana miaka ya 1970 kwa kuni za viwanda. Watafiti wa bahari wa Kenya walijaribu kuirudisha kidogo kidogo, wakijifunza aina gani ikae wapi. Mwaka 2013 vijiji vya Gazi na Makongeni vilianza mradi wa Mikoko Pamoja, unaouza hewa ukaa. Hewa ukaa ni gesi inayotoka kwenye moshi wa magari na viwanda na kuipasha dunia joto. Mikoko huivuta na kuizika kwenye tope lake, na wanunuzi wa nje hulipia kiasi kilichozikwa. Eneo lao ni hekta 117 tu, na sehemu kubwa ni msitu wa asili unaolindwa usikatwe. Mapato yameingia kwenye maji ya bomba na vitabu vya shule. Si fedha za kutajirisha mtu, na bei ya hewa ukaa hupangwa na watu walio mbali sana na Gazi. Lakini mvuvi anayemwona mgeni na panga kwenye mikoko sasa ana sababu ya kumuuliza anakwenda wapi.

Ukialikwa kupanda mti

Nenda. Ila kabla ya kuvaa fulana ya bure, muulize mwandalizi maswali haya, na umuulize mapema:

1. Miche ya mwaka jana iko wapi, na mingapi iko hai? Twende tukaione kwanza.
2. Ardhi hii ni ya nani, na anayeitumia kuchungia au kukata kuni amekubali?
3. Kwa nini aina hii ya mti, na kwa nini mwezi huu?
4. Nani analipwa, au anafaidika vipi, kuitunza kwa miaka mitatu?
5. Kama eneo hili lingefungwa tu bila kupandwa, lisingeota lenyewe?

La tano ndilo litakalomkera zaidi, na ndilo litakalookoa fedha nyingi.

Kwa aliye kijijini Tanzania, kuna hatua kubwa kuliko mche. Sheria ya mwaka 2002 bado ipo. Mkutano mkuu wa kijiji unapaswa kufanyika kila baada ya miezi mitatu. Mwulize mtendaji wako kama kijiji kina mpango wa matumizi ya ardhi na kama kuna msitu uliotengwa ndani yake. Kama haupo, mwombe aliingize jambo hilo kwenye ajenda ya mkutano ujao, na siku hiyo ufike mapema ukae mbele.